Mtafiti Naye Abishe Hodi

Kwetu Gakindu, huku Mukurwe-ini katika Nyeri, mgeni haingii boma la mtu kimyakimya. Husimama langoni akabisha hodi, akangoja aitikiwe, kisha huulizwa habari za alikotoka kabla ya kuulizwa haja yake. Mtoto asiyejua hayo husemwa kuwa hakufunzwa. Desturi hii ninaijua tangu utotoni, lakini ilinichukua miaka mingi, na ikamgharimu shangazi yangu kahawa yake, kufahamu ya kwamba hata elimu ya viumbe hai ina lango lake, na kwamba anayeliruka huwatia wenziwe hasara.

Nayasema haya kwa sababu hivi majuzi kijana mmoja wa kijiji chetu, anayesomea sayansi ya mimea katika chuo kikuu, alinijia nyumbani na karatasi mkononi. Alitaka nimsomee pendekezo lake la utafiti kabla halijamfikia msimamizi wake. Habari yenyewe ilikuwa ya ule ugonjwa wa matunda ya kahawa ambao wakulima wetu huuita kwa herufi tatu tu, CBD. Nikafungua sehemu ya mapitio ya maandishi, yaani pale ambapo mwanafunzi hueleza waliotangulia waliuliza nini, walipata nini na waliacha nini. Zilikuwa kurasa kumi na mbili zenye majina mengi na miaka mingi. Aya moja ilisema fulani aligundua hili, ya pili ikasema fulani naye aligundua lile, na kadhalika mpaka mwisho.

Nikamwuliza, "Sasa wewe, baada ya kuwasikiliza wote hawa, ni jambo gani ambalo bado halijajulikana?"

Kijana akatazama chini.

Sikumcheka, wala simlaumu. Mimi nilipokuwa wa umri wake nilifanya vibaya zaidi.

YALIYONIPATA MWAKA 1979

Mwaka 1979 nilikuwa nikijiandaa kwa shahada ya uzamili. Shangazi yangu alikuwa na miti 180 ya kahawa kwenye mteremko unaoshuka hadi kijito. Ilikuwa ni ile aina ya SL28, iliyochaguliwa katika maabara ya Scott kule Kabete miaka ya 1930, ambayo sifa ya ladha yake imefika ng'ambo lakini ambayo haina nguvu kabisa mbele ya CBD. Ugonjwa huo huletwa na kuvu, jamii ya ukungu, ambayo huingia katika tunda likiwa bado bichi, likafanya doa jeusi lililobonyea, kisha tunda zima likaoza au likakauka juu ya mti.

Nilikuwa nimesoma makala moja ya Nutman na Roberts, wataalamu waliofanya kazi hapa Kenya na kuchapisha matokeo yao mwaka 1960 na 1961. Walionyesha kwamba kuvu hiyo huishi katika gome la vitawi na kutoa mbegu zake humo. Kutokana na kazi hiyo ukatolewa ushauri kwamba dawa ya shaba, ile tunayoiita kopa, ipulizwe mapema, kabla ya mvua ndefu, ili adui apigwe akiwa bado kitandani. Mimi nikaona nimepata hazina. Kumbe kopa inaweza kupulizwa mara chache tu na mapema, na mkulima akaokoa fedha zake! Nikaamua kwamba nitafanya jaribio dogo shambani kwanza, na mapitio ya maandishi nitayaandika baadaye, kama mtu anayevaa tai baada ya kufika arusini.

Shangazi yangu huniita Baba, kwa kuwa mimi ni kifungua mimba na nilipewa jina la baba yake, kama ilivyo desturi yetu. Nilimwambia kwamba miti 60 ya kule chini itapulizwa mapema kisha iachwe, na ile 120 ya juu aendelee nayo kama alivyoshauriwa na afisa wa kilimo, yaani kupuliza na kurudia tena na tena mvua inaponyesha. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza neno moja tu.

"Baba, na mvua ikija?"

Nikamjibu kwamba jambo hilo limekwisha kuandikwa na wataalamu. Hakuuliza tena. Mimi nilikuwa msomi wa kwanza katika ukoo, naye hakuwa mtu wa kumvunja moyo mtoto.

Mvua ilikuja, na asubuhi ukungu ulilala juu ya kijito hadi saa nne. Kufikia Juni matunda ya miti ile 60 yalikuwa yamegeuka meusi. Msimu uliotangulia miti hiyo ilitoa debe 18 za kahawa mbivu. Msimu huo ilitoa debe 5. Fedha zilizopotea zilikuwa ni karo ya binti yake aliyekuwa kidato cha tatu, naye akakaa nyumbani muhula mzima mpaka jamaa walipochanga. Binamu yangu yule hajapata kunitajia jambo hilo hata leo, na kunyamaza kwake ndiko kunakoniuma.

JIBU LILIKUWA MAKTABANI

Nilirudi chuoni kwa aibu, nikaketi maktabani kama nilivyopaswa kuketi tangu mwanzo. Haikunichukua siku mbili kulipata jibu. Katika mwaka 1969, miaka kumi kabla ya jaribio langu, Griffiths na Gibbs walikuwa wamechapisha matokeo ya kuuchunguza upya ushauri ule wa kupuliza mapema. Waliona kwamba dawa ya mapema haitegemeki, na mara nyingine iliacha ugonjwa ukiwa mwingi kuliko pale ambapo haikupulizwa. Kazi ya Gibbs ilionyesha ya kwamba chanzo kikubwa cha maambukizo ni matunda yenyewe yaliyokwisha kuugua juu ya mti, wala si gome peke yake. Tena tunda huwa dhaifu zaidi linapokuwa katika kukua, kuanzia kama wiki ya nne hadi ya 14 baada ya maua, na wiki hizo kwetu huangukia katikati ya mvua ndefu. Hapo ndipo linapohitaji kukingwa.

Kwa hiyo swali la shangazi yangu, "na mvua ikija?", ndilo lililokuwa swali la kisayansi lenyewe. Wataalamu walikuwa wamelijibu zamani. Aliyekuwa hajui ni mimi niliyesimama katikati yao nikiwa nimesoma nusu.

Nutman na Roberts hawakunidanganya. Walisema walichokiona, na kuvu katika gome ni kweli ipo. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilisoma aliyezungumza kwanza nikaondoka barazani kabla ya kusikia aliyemjibu. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na mimi marejeo yangu yalikuwa maktabani, lakini nilirejea baada ya kumtia mtu hasara.

KUSOMA KWA TAREHE NA KWA MAJINA

Basi mapitio ya maandishi ni nini? Wanafunzi wengi hudhani ni orodha ya heshima, kama vile kuwataja wageni mashuhuri kabla ya hotuba. La hasha. Ni kuyasikiliza mabishano. Katika habari ya CBD, ugonjwa ulionekana Kenya mwaka 1922, na McDonald akauandikia taarifa mwaka 1926. Tangu hapo watu wameendelea kujibizana, huyu akirekebisha neno la yule. Anayepanga mapitio yake kwa majina ya watu hupata orodha. Anayeyapanga kwa maswali, kwamba kuvu inakaa wapi, inasafiri vipi, dawa ipulizwe lini, mti gani unastahimili na kwa nini, huona mara moja ni swali gani limefungwa na ni lipi lingali wazi. Katika kila swali na atazame tarehe, ili ajue nani alizungumza mwisho na kwa ushahidi gani.

Atazame majina pia. Yule kijana wangu alikuwa ameitafuta kuvu hiyo kwa jina la Colletotrichum kahawae peke yake, akashangaa kwa nini kazi za kale ni chache. Hakujua kwamba jina hilo lilitolewa mwaka 1993. Kabla ya hapo vitabu viliihesabu katika Colletotrichum coffeanum. Aliyetafuta kwa jina jipya tu alikuwa ameifungia nje miaka 70 ya kazi ya watu, pamoja na makala zile ambazo zingeniokoa mimi mwaka 1979.

Hebu tazama tena jina lenyewe. Hiyo kahawae imetokana na neno letu la Kiswahili, kahawa. Wataalamu wa ulimwengu mzima, wawe Uingereza au Ureno, wakitaja kuvu hii hulitaja neno la lugha yetu. Lakini mwana wetu wa Gakindu nilipomwomba anieleze utafiti wake kwa Kiswahili, alishindwa kumaliza sentensi ya pili. Nitalirudia jambo hili, maana ndipo penye kidonda.

Kuna hatari nyingine ambayo sisi wa zamani hatukuwa nayo. Siku hizi zipo programu za akili bandia zinazoweza kumwandikia mtu mapitio mazima kwa dakika mbili. Katika karatasi za kijana yule palikuwa na makala mbili zilizonivutia kwa vichwa vyao. Nilipomwomba anionyeshe, tukazitafuta pamoja usiku ule, tukaona kwamba hazikuwahi kuandikwa na mtu yeyote. Mashine ilikuwa imezitunga, ikazipa waandishi na mwaka. Sisemi chombo hicho kitupwe. Nasema kwamba anayetaja kazi ambayo hakuisoma ametoa ushahidi wa uongo, na katika elimu ya mimea na wanyama ushahidi wa uongo huishia shambani mwa mtu.

MAKTABA ISIYO NA RAFU

Shangazi yangu aliponikaribisha tena mwisho wa mwaka ule, aliniambia kwa upole, "Ungeniuliza, Baba. Miaka michache baada ya Uhuru tulipuliza mapema hapa hapa, tukaacha, tukavuna nyeusi." Aliniambia pia kwamba miti ya chini karibu na kijito huugua kwanza kila mwaka. Maana yake ni kwamba hata kama jaribio langu lingefaulu, ulinganisho wangu haukuwa wa haki, kwa sababu niliiweka miti ya jaribio yote mahali penye baridi na unyevu, na miti ya kulinganishia yote mahali pakavu. Mtu asiyewahi kusoma takwimu alikuwa ameona kosa ambalo mimi mwenye shahada sikuliona.

Huenda wasomi wakanijibu kwamba mkulima si mtaalamu, na kwamba maneno yake si ushahidi. Hilo nalikubali kwa nusu. Shangazi aliamini kwamba ugonjwa huletwa na baridi yenyewe, na hapo hakuwa sahihi, kwa maana baridi bila kuvu haizai CBD. Lakini alivyoona kwamba ugonjwa hupenda mahali pa juu penye baridi na unyevu, hapo aliafikiana na vitabu. Mkulima anaweza kukosea sababu na asikosee alichokiona. Kwa hiyo neno lake lisiandikwe kama jibu, bali lisikosekane katika maswali.

Si mimi wa kwanza kulisema hili katika Nyeri. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, aliyepata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, alisimulia jinsi alivyokuwa akikusanya kupe kwa ajili ya utafiti wa ndigana, ugonjwa wa ng'ombe, akaona mito imejaa udongo na ng'ombe wamekonda kwa kukosa malisho. Akaanza kufikiri kwamba adui wa mifugo si kupe peke yake. Kutokana na mambo kama hayo aliyoyaona na aliyoyasikia kwa akina mama wa vijijini, aliianzisha Green Belt mwaka 1977, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Alikuwa amesoma vitabu, na macho yake hakuyaacha maktabani.

Wapo pia waliosoma yote kwanza, wakauliza linalofuata. Mwaka ule ule nilipokuwa nikiharibu miti ya shangazi, kule Ruiru kazi ya kuzalisha kahawa mpya iliyoanza 1971 ilikuwa ikiendelea. Wale hawakuuliza tena kama kopa inafanya kazi. Waliuliza kwa nini aina kama Rume Sudan na Hibrido de Timor haziugui sana. Mwaka 1980 Van der Vossen na Walyaro walichapisha kwamba ukinzani huo hurithiwa kwa jeni chache zinazoweza kufuatwa kutoka mzazi hadi mtoto. Mwaka 1985 wakulima wakapewa Ruiru 11, na mwaka 2010 wakapewa Batian, yenye jina la kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kenya. Hayo ndiyo matunda ya kubisha hodi.

PENDEKEZO NI AHADI

Sasa nije kwenye pendekezo lenyewe. Kwa maoni yangu pendekezo la utafiti si ombi la fedha tu wala mtihani wa kupita. Ni ahadi iliyoandikwa. Mtafiti huahidi kuuliza swali moja ambalo halijajibiwa. Huahidi kutoa nadharia tete inayoweza kushindwa, kwa sababu dhana isiyoweza kushindwa haina cha kumfundisha. Huahidi ulinganisho wa haki: katika shamba la mteremko kama yetu, kila ngazi ya mteremko iwe na miti ya jaribio na miti ya kulinganishia, ichaguliwe kwa kura, na jambo lirudiwe mahali kadhaa. Huahidi kusema mapema ataihesabu miti mingapi na kwa nini hiyo inatosha.

Nchini Kenya, sheria ya sayansi na teknolojia ya mwaka 2013 inamtaka mtafiti apate leseni kutoka Nacosti, na leseni hiyo humdai nakala ya ripoti yake. Ni vyema. Lakini nauliza, je, mwenye mti hupata nakala gani? Mara ngapi vijana wamefika hapa Gakindu na karatasi za maswali, wakajibiwa, wakakaribishwa chai, wakachukua majani na udongo, na mpaka leo hatujui walipata nini?

Kwa hiyo nina mambo mawili ninayotaka vyuo vyetu viyafikirie, kuanzia hivi vilivyo karibu nasi, Kimathi na Karatina. La kwanza, mwanafunzi anayetaka kufanya jaribio katika shamba la mtu aandike ndani ya pendekezo lake nani atalipa mazao yakipotea. Miti ya kulinganishia isiyopulizwa dawa ni karo ya mtoto wa mtu. Kama chuo hakiwezi kuilipa, basi jaribio lifanywe katika shamba la chuo.

La pili, kila pendekezo linalohusu shamba, mifugo au msitu wetu liwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, na ukurasa huo usomwe mbele ya wakulima pale kiwandani siku ya kupeleka kahawa, kabla halijaidhinishwa. Ueleze kinachojulikana, kisichojulikana, na kitakachofanywa. Wako watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Ninawaambia kwamba sayansi yenyewe ilikuja kuazima neno kwetu ilipotaka kuibatiza kuvu ya kahawa. Mara nyingi mtu huficha nyuma ya lugha ya kigeni jambo ambalo yeye mwenyewe hajalielewa, na Kiswahili cha kiwandani kitamfichua.

Yule kijana nilimpeleka kwa shangazi yangu, ambaye sasa ni mkongwe lakini kumbukumbu zake zi hai. Alikaa naye kutwa nzima. Aliporudi alikuwa amefuta kurasa saba kati ya zile kumi na mbili, na chini ya ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika kwa kalamu, kwa Kiswahili, sentensi moja ya jambo asilolijua na ambalo hakuna aliyeliandika. Pendekezo bado halijakamilika, na msimamizi wake atalichambua apendavyo. Lakini nilipoisoma sentensi ile niliielewa, na shangazi aliposomewa aliielewa vile vile, kisha akamwuliza swali.

Safari hii aliyeulizwa alitoa daftari lake, akaliandika.